Kijana wa Karata ya Sita

Roseline alijua mambo yameharibika pale Mama Eulalie alipompokea kwa adabu.

Kwa mengine yote Anselme alikuwa amemwandaa. Njia nzima, wakipandisha vichochoro vya mtaa wa Le Panier, Marseille, huku upepo wa mistrali ukiwasukuma mgongoni kama polisi anayepeleka wezi kituoni, alimweleza kwamba mama yake atanuna, atauliza kama anakwenda misa, atasema chakula kimepoa kwa sababu yao. "Atanung'unika kidogo, halafu atakupenda," Anselme alisema. "Hata mimi alininung'unikia siku ya kuzaliwa. Sasa niangalie." Roseline akamwangalia. Hilo ndilo lilikuwa tatizo lake tangu mwaka juzi: akiambiwa amwangalie Anselme anamwangalia, na akishamwangalia hasikii tena kingine.

Lakini Mama Eulalie hakununa. Alimvua koti kwa mikono yake mwenyewe, akampa kiti kizuri, kile cha karibu na jiko, akamwita "Binti Aubert" kana kwamba ametembelewa na mkaguzi wa shule. Mama wa Marseille akikutania, akakuambia umekonda kama ufagio, ujue umeshaingia nusu ya ukoo. Akikuita kwa jina la baba yako, anangoja uondoke.

Ilikuwa Sikukuu ya Mishumaa, mwanzoni mwa Februari. Mishumaa ya kijani iliyobarikiwa kanisani asubuhi ilisimama juu ya kabati, na mezani kulikuwa na samaki wa chumvi, karoti za kuchemsha, viazi, na bakuli la sosi ya kitunguu saumu iliyopondwa mpaka ikawa nzito kama siagi. Walioketi walikuwa wanne. Mama Eulalie, mjane, mwembamba, nywele zimebanwa nyuma kwa nguvu. Shangazi Zoé, dada wa marehemu baba yake Anselme, mnene, mwenye tabia ya kucheka kabla kichekesho hakijafika. Roseline na vidole vyake vyenye alama za pasi. Na Anselme, kinyozi, mzuri wa uso, mwenye maneno yanayoteleza kuliko povu lake la sabuni.

Siku hiyo maneno yalimteleza kweli. Alisimulia habari za mteja aliyegombana na mkewe, mke anataka masharubu yanyolewe, mume anataka yabaki, mwisho wakaelewana yanyolewe upande mmoja. Shangazi Zoé alicheka hadi akajifuta macho. Roseline naye alitabasamu, lakini masikio yake yalikuwa yanangoja sentensi moja tu.

Sentensi yenyewe haikuwa ndefu. "Mama, tunafunga ndoa baada ya Pasaka." Anselme aliahidi kuisema wakati wa mavuno ya zabibu, ikashindikana kwa sababu mama alikuwa na mafua. Akaahidi kuisema Krismasi, ikashindikana kwa sababu Krismasi ni Krismasi. Safari hii aliapa, mkono juu ya kiti chake cha kunyolea, na Roseline akaamini. Aliamini mpaka akaaga kazi kwa dobi alikokuwa anapiga pasi. Aliamini mpaka chumba chake kikapata mpangaji mwingine. Kama sentensi hiyo haisemwi leo, hakuwa na mahali pa kurudi.

Chini ya meza akamkanyaga mguu. Anselme akamkanyaga pia, taratibu, kimahaba, kama mchezo wao wa siku zote, akaendelea na masharubu.

Sahani zilipoondolewa na zile biskuti ngumu za sikukuu kuwekwa, zikinukia maua ya michungwa, Anselme akapiga kiganja mezani.

"Mama, unajua Roseline bado anazo zile karata za bibi yake, za kutabiria? Nimemwambia aje nazo. Shangazi leo atacheka afe."

Mama Eulalie alikuwa anakata biskuti. Kisu kikasimama.

"Karata za Apollonie," akasema.

"Ulimfahamu bibi, Mama?" Roseline akauliza.

"Nani hakumfahamu? Chumba cha nyuma ya duka la kofia, mtaa wa Belle de Mai. Pazia jekundu, na paka mwenye jicho bovu." Akafuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Zitoe."

Roseline alijaribu kukwepa. Akasema hamsomei mtu siku hizi, bibi alipokufa na yeye aliacha. Akasema pia, na hili lilikuwa kweli, kwamba bibi alimkataza kabisa kumsomea mtu yeyote katika jambo ambalo yeye mwenyewe ana fungu katika jibu lake, kwa kuwa hapo moyo ndio unaosoma, macho yanasindikiza tu. Mama Eulalie akamwambia hicho ndicho anachotaka kukiona.

"Nisomee mimi, kuhusu nyinyi wawili. Karata moja tu. Nikiridhika, sitafungua tena mdomo wangu."

"Umesikia?" Anselme akasema, amechangamka. "Moja tu, mpenzi." Na akamkonyeza. Ukonyezo huo Roseline aliusoma upesi kuliko karata yoyote. Ulisema: tunga kitu kizuri, tumalize.

Akazitoa. Zilikuwa zimelegea kwa kushikwa, pembe zimekuwa za mviringo. Akatenga zile kubwa ishirini na mbili zenye picha, akazichanganya, akaziweka mezani. Mama Eulalie akazikata kwa mkono wa kushoto bila kuelekezwa, akavuta moja, akaisukuma mbele ikiwa imefunikwa. Roseline akaifunua kwa ubavu kama anayefungua ukurasa wa kitabu, maana ukiigeuza kwa kichwa watu waliosimama ndani yake utawapindua, na maana yao ipinduke nao.

Ilikuwa ya sita.

Shangazi Zoé akapiga makofi. Wapenzi, akasema, si wale wapenzi, na malaika na mshale wake. Anselme akainua glasi. Na kweli, mtu ambaye hakulelewa nyuma ya pazia jekundu, karata ya sita kwake ni kadi ya mwaliko wa harusi. Kijana amesimama katikati. Upande mmoja msichana mwenye maua kichwani. Upande wa pili mwanamke mtu mzima, utadhani mama anayetoa baraka. Juu yao jua linawaka, na mtoto mwenye mabawa ameshika upinde. Ukiwa na haraka, unaanza kuuliza keki itakatwa saa ngapi.

Roseline hakuona keki.

Bibi Apollonie alikuwa na sauti yake ya nyakati kama hizi. Ya chini, yenye joto, kama mtu anayekufunika blanketi. Alisema watu wanaokuja kwake wana wa kuwaumiza tele huko nyumbani, hawahitaji kumpandia ngazi zote zile ili waumizwe tena. Roseline alimtazama Anselme, naye alikuwa akimtabasamia kwa lile tabasamu la jioni za kufunga duka, akiwa ameshamwosha nywele kwa maji ya uvuguvugu na vidole vyake bado viko shingoni kwake. Kwa ajili ya tabasamu lile Roseline akaivaa sauti ya bibi yake.

Akasema ni karata njema. Jua liko juu, basi nyumba haitakosa nuru. Kijana ameshikwa huku na huku, basi hatapungukiwa upendo. Mwanamke mkubwa ametangulia, ndiye anayemkabidhi msichana kile alichokilea. Alijisikia akisema, na maneno yalikuwa matamu mno, kama chai iliyotiwa sukari na watu wawili bila kuambiana.

Mama Eulalie alimsikiliza hadi mwisho.

"Ndiyo hiyo sauti," akasema.

"Sauti gani, Mama?"

"Ya Apollonie."

Akaisogeza sahani ya biskuti kando, akaanza kunyoosha kitambaa cha meza mahali ambapo hakikuwa kimekunjamana. Hakupandisha sauti hata kidogo. Kama angepiga kelele, Roseline angejua la kufanya. Watu wanaopiga kelele aliwazoea kule kwa dobi.

"Mume wangu alikuwa anakohoa. Vumbi la kiwanda cha vigae. Daktari akataka apelekwe milimani, kwenye hospitali ya vifua. Mimi nikaenda kwanza kwa bibi yako kumuuliza. Ikatoka ile ya mnara uliopigwa radi."

"Nyumba ya Mungu," Roseline akasema taratibu. Ndivyo karata ile inavyoitwa.

"Paa limefumuliwa, watu wawili wanaanguka vichwa chini. Nikaogopa. Bibi yako akanishika mkono, akaniambia kwa sauti hiyo hiyo, usiogope mwanangu, paa linafunguka ili hewa iingie, kifua chake kitafunguka. Nikarudi nyumbani, nikamwambia Honorat hakuna haja ya milima." Kidole chake kikafuata mshono wa kitambaa. "Kikafunguka kweli. Damu ilijaa beseni."

Shangazi Zoé aliinamisha kichwa. Anselme akasema hayo ni mambo ya zamani, Mama, leo sikukuu. Sauti yake ilikuwa inapapasa kutafuta utani na haikuupata.

Roseline alikuwa hajui. Muda wote huu aliambiwa na Anselme kwamba mama yake ana majivuno tu, hataki mkwe mpiga pasi. Kumbe mama huyu alikuwa anaona pazia jekundu kila anapotajiwa jina lake. Na lililomchoma zaidi ni kwamba hakuweza hata kumtetea bibi kwa kusema alikosea. Bibi hakuwa mtu wa kukosea.

"Aliona," akasema. "Karata ile alinifundisha mwenyewe, na hakunifundisha habari za hewa. Alikuonea huruma, Mama."

"Huruma yake ndiyo iliyonizikia mume." Mama Eulalie akaigonga karata ya sita kwa ukucha. "Wewe unaona nini hapa? Niambie. Ukishindwa, koti lako liko nyuma ya mlango."

Anselme akamshika Roseline kifundo cha mkono. "Imeshasomwa. Nzuri, tumefurahi, basi. Roseline. Nitazame."

Safari hii hakumtazama. Alijua akimtazama tu, atasema lolote analotaka. Alikiwaza chumba chake, na yule mpangaji mpya, mwanamke wa kuuza vitunguu, ambaye huenda wakati huu alikuwa anapigilia misumari yake ukutani. Uongo mtamu mmoja tu ungemvusha hadi Pasaka. Na baada ya Pasaka angeishi na mwanamke huyu, kwenye meza hii, akijua kwamba ameingia kwa mlango ule ule uliomtoa Honorat.

Akautoa mkono wake.

"Kila anayeiona hii anasema harusi," akaanza, na sauti ilikuwa yake mwenyewe, kavu kidogo. "Tazama vizuri. Mwanamke mkubwa ana taji la majani, amemshika kijana begani. Msichana amemgusa kifuani. Mikono ni mingi, ukiikodolea macho sana hujui upi ni wa nani. Nyayo za kijana, moja inaelekea huku, moja kule. Hajaenda popote. Na huyu mtoto wa juu, mshale wake haujaachiwa. Umevutwa tu."

"Na uso?" Mama Eulalie akauliza. Alikuwa ameshauona, alitaka usemwe.

"Uso ameugeuzia kwa mwanamke mkubwa."

Mama Eulalie akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo nitashinda mimi."

"Haisemi hivyo, Mama. Karata nyingine zinasema litakalokuja, au lililopita. Hii inauliza. Na hakuulizwa aliyeivuta, wala aliyeifunua." Roseline akaweka kidole juu ya kijana. "Ameulizwa aliye katikati."

Wanawake watatu wakamgeukia Anselme.

Alikuwa ameishika glasi yake kwa mikono miwili. Aliwatazama mmoja mmoja, kama anayetafuta mteja atakayecheka kwanza, kisha akacheka yeye. "Jamani, mimi ni kinyozi. Kichwa kimoja nakitengeneza pande zote mbili." Kicheko kidogo kilimponyoka Shangazi Zoé, akakirudisha haraka kwa kitambaa.

"Anselme," Roseline akasema. "Iseme ile sentensi."

"Sentensi ipi?"

"Unaijua."

Hapo akamtazama. Na laiti angemtazama vibaya, au kwa hasira, au kwa macho ya mtu aliyechoka, usiku huo Roseline angekuwa na kitu cha kushika. Lakini mapenzi yalikuwamo, yote, hayajapungua hata tone. Midomo ya Anselme ikafunguka. Roseline akaliona neno la kwanza likija, akaliona kabisa, limefika kwenye meno. Kisha, kama mtu aliyevutwa shingo kwa uzi, Anselme akageuza macho kwa mama yake, kuona amelipokeaje jambo ambalo hajalisema.

Neno likarudi lilikotoka.

"Tungoje mavuno," akasema, macho bado yako kule. "Mama amechoka leo. Na kwa nini nichague, kwani kuna mtu anakufa? Nyote ni wangu."

"Mavuno ya mwaka gani?" Roseline akamuuliza.

Akazikusanya karata, akazipanga, akazigongesha mezani mpaka pembe zikalingana. Anselme alisimama, mkono mmoja juu ya mgongo wa kiti. Akasema Roseline, usiwe hivyo. Akasema kesho atapita kumwona, wazungumze kama watu wazima. Roseline akataka kumuuliza atapita wapi, kwa muuza vitunguu? Lakini akaona hata hilo Anselme atalifanya utani, na utani wenyewe utakuwa mzuri, na yeye atacheka, na wataanza upya. Akavaa koti.

Aliyemsindikiza hadi ngazini ni Mama Eulalie.

Roseline alidhani atamwona ameshinda. Alichokiona kwenye mwanga wa ule mlango ni uso wa mwanamke mgonjwa.

"Angekuchagua wewe," Mama Eulalie akasema kwa sauti ya chini, "ningekuchukia mpaka naingia kaburini. Lakini yeye ningemheshimu."

"Ningemtunza, Mama."

"Najua." Kwa mara ya kwanza alimshika, kwa vidole viwili, kwenye mkono wa koti, kama anayepima kitambaa. "Miaka yote hii namwomba Mungu asinichukulie na huyu. Amenisikia. Sasa ninaye." Akauachia mkono. "Umesoma vizuri, binti. Shuka polepole, ngazi zinateleza."

Roseline akashuka. Kila mahali ngazi zilipokata kona alisimama, akasikiliza. Ghorofa ya chini kuna mtu alikuwa anakaanga kitu. Alifungua mlango wa nje, na akauacha wazi makusudi, kwa sababu mlango ule ukifungwa kitasa kinajikaza, na mwenye haraka ya kumfuata mtu anaweza kuhangaika nacho.

Alikuwa amefika katikati ya kichochoro aliposikia dirisha linafunguliwa.

"Roseline."

Aligeuka mwili mzima. Kabla hajainua uso alikuwa ameshasamehe. Mavuno, Krismasi, macho yale mezani, vyote, alivisamehe ndani ya jina lake mwenyewe lilivyotamkwa. Anselme ameinama dirishani, nywele zinapeperushwa, ameshika kitu mkononi.

"Umesahau mtandio wako. Baridi hii utaugua."

Akauachia. Upepo ukaudaka, ukaubamiza ukutani, ukaubwaga kwenye mfereji wa maji machafu pembeni mwa njia. Anselme akafumba jicho moja kwa huruma, akaonyesha kwa ishara kwamba si yeye, ni mistrali. Akangoja kidogo, amwone anauokota. Kisha akafunga dirisha, maana baridi ilikuwa inaingia ndani.

Roseline aliuokota. Aliukamua kwa mikono miwili, kwa nguvu, kama alivyokuwa akikamua mashuka ya watu, akauvaa shingoni ukiwa unachuruzika. Nyuma yake ule mlango wa nje ulikuwa unajipiga ukutani, unarudi, unajipiga tena. Alisimama pale muda wa kumtosha mtu kushuka ghorofa tatu, hata mtu mzito, hata mtu asiye na haraka.

Hakuna aliyeshuka kuufunga.